Begi la Mwenzio kwa Jina Lako: Mahujaji, Zawadi na Mipaka ya Forodha

Miaka hii ya karibuni msimu wa Hija umeangukia katika baridi ya Iringa. Hija ya mwaka 2024 ilikuwa katikati ya Juni, na ya mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa mwezi huo huo. Kwa hiyo mahujaji wetu wa Mlandege hutoka katika jua la Arafa, wakatua Dar es Salaam, wakapandishwa basi takriban kilomita 500, wakapanda Kitonga usiku, na kuteremka kwetu wakiwa wamejitanda mablanketi juu ya kanzu mpya. Sisi wa kamati ya msikiti huenda kuwapokea. Vijana wa madrasa hupiga dufu, akina mama hupiga vigelegele, na wazee husogea karibu ili waombewe dua kabla hujaji hajaingia nyumbani kwake. Kisha buti la basi linafunguliwa, na macho ya watu wote huhamia huko. Hakuna anayesema neno, lakini kila mmoja anahesabu mabegi.

Tunayajua yanayotarajiwa ndani yake. Jirani wa kulia amengoja msala, wa kushoto amengoja tasbihi. Shemeji alikwisha kusema tangu Rajabu kwamba anataka abaya nyeusi yenye nakshi mikononi. Watoto wa madrasa wanataka kofia, mwalimu wao anataka mafuta mazuri, na bibi mgonjwa wa nyumba ya pili anataka Zamzam kabla hajafa. Wote hao wana haki ya ujirani, na hujaji anayerudi mikono mitupu huonekana kama hakufika. Desturi hii ni njema kwa asili yake, na hatuandiki ili kuivunja. Tunaandika kwa sababu ya jambo lililompata mama mmoja wa mtaa wetu, ambalo limetufanya sisi wa kamati tujitazame upya.

Mama huyo ni mjane aliyepita miaka sitini, muuza mboga, na nauli yake ya Hija aliiweka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Alisafiri katika kundi la akina mama waaminifu, kama wanavyoruhusu wanachuoni wa madhehebu yetu. Siku ya kurudi, wakiwa Jeddah, msafiri mwenzao mmoja mwenye biashara alimwendea kwa adabu. Mizigo yake yeye ilikuwa imezidi uzito, na mama alikuwa na begi moja tu lisilojaa. Akamwomba ampokelee begi lake moja, akamwambia: “Mama yangu, wakikuuliza sema ni lako tu, tutakutana nje.” Mama hakuona ubaya. Kumsaidia mwenzio mzigo ni sadaka.

Dar es Salaam begi lile lilipita kwenye mashine ya ukaguzi, likawekwa kando. Afisa wa forodha, kijana tu, akauliza kwa upole: “Bibi, begi hili ni la nani?” Akajibu: “Langu, mwanangu.” Likafunguliwa. Mlikuwa na abaya 38 na simu 14 katika maboksi yake. Akaulizwa bei ya abaya moja, hakujua. Akaulizwa idadi ya simu, hakujua kwamba mna simu. Mwenye begi alikwisha kutoka kwa mlango mwingine na simu yake haikupatikana. Wenzake mama walimngoja nje katika gari la kukodi tangu kabla ya Adhuhuri hadi Alasiri ilipokwisha kusaliwa. Alipoachiwa kwa maandishi, begi likabaki, na mwenyewe alijitokeza baada ya siku tatu, akalipa alichotakiwa.

Tulipomtembelea nyumbani kwake tulidhani tunakwenda kumliwaza kwa hofu aliyoipata. Tukamsalimia, “Shikamoo mama,” akaitikia, akatutandikia mkeka, kisha akanyamaza. Baadaye alisema kwamba hofu ilimtoka palepale uwanjani. “Tangu tawafu ya kuaga nilikuwa sijasema uongo,” alituambia. “Nilikuwa nahesabu siku. Zilikuwa zimefika sita.”

Sheria inasemaje

Watu wengi wa kwetu wanadhani kwamba forodha ni mahali pa bahati: afisa akiwa mzuri unapita, akiwa mkali unakamatwa. Hali haiko hivyo. Tanzania na wenzake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wanatumia sheria moja ya forodha, nayo ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Katika Jedwali lake la Tano imeandikwa wazi ni vitu gani msafiri anaweza kuingia navyo bila ushuru. Kwanza ni nguo zake na vyombo vyake binafsi alivyokwisha kuvitumia. Hivyo havina mjadala. Pili ni vitu vingine vya mkazi anayerudi, ikiwa amekaa nje ya nchi za Jumuiya kwa zaidi ya saa 24, hadi thamani iliyotajwa. Kwa miaka mingi thamani hiyo ilikuwa dola 500 za Marekani, nayo hupitiwa na mawaziri wa fedha wa Jumuiya, kwa hiyo msafiri aulize kiwango cha mwaka wake katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla hajaondoka. Iringa ofisi ipo, na kuuliza si gharama.

Maneno mawili katika kifungu hicho ndiyo yanayosahaulika. Msamaha ni wa kila msafiri, na ni wa vitu ambavyo yeye mwenyewe amevitangaza. Haukupewa msikiti, wala kundi, wala kiongozi wa safari. Msamaha wa mjane hauwezi kuazimwa na mfanyabiashara, kama vile udhu wa mtu mmoja hausaliwi na mwingine. Wala bidhaa za kuuza hazimo humo hata zikiwa chache. Na zawadi, ambayo ndiyo roho ya safari zetu, haipati hukumu ya nguo iliyovaliwa. Msala uliousalia Madina ni chombo chako. Msala uliomo ndani ya nailoni yake ni kitu kipya, unahesabiwa katika thamani.

Sheria hiyo hiyo inataja mambo ambayo kwetu yanachekesha. Msafiri aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo. Kuna kijana mmoja katika semina yetu ya wasafiri aliuliza kama inafaa kuiacha hiyo lita na badala yake apewe lita ya manukato. Haifai. Manukato na marashi yamewekewa nusu lita kwa jumla, na tumbaku ya namna zote, ugoro ukiwemo, gramu 250.

Sasa tuirudie hesabu ya lile begi ili ionekane nini kilifichwa nyuma ya ule msaada. Tuchukue kwamba kila abaya ilinunuliwa kwa dola 20. Abaya 38 ni dola 760. Tangu Julai 2022 nguo kutoka nje ya Jumuiya zimewekwa katika daraja la ushuru wa asilimia 35, ambao kwa fedha hizo ni dola 266. Jumla inakuwa dola 1,026. Juu yake inakuja Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, yaani dola 184.68. Kwa hiyo zinazodaiwa ni dola 450.68 kwa abaya peke yake, kabla ya tozo ndogo ndogo na kabla ya kuzigusa simu. Hiyo ndiyo fedha ambayo mwenye begi alitarajia kuiokoa kwa neno moja la mama wa watu. Na kama neno hilo lingepelekwa mahakamani, sheria inatamka kwamba maelezo ya uongo mbele ya forodha yanaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi tulimpa mjane.

Tunasema sisi, na hatukukosea. Tulipotoka kwa mama yule tulikaa baada ya Isha, na ndipo mmoja wetu akaomba daftari la kamati lifunguliwe. Ndani yake, kwa mwandiko wetu wenyewe, mlikuwa na orodha ya vitu tulivyowaagiza mahujaji wa msimu ule kwa ajili ya msikiti: misala 30, iliyogawanywa kwa wasafiri sita, mitano kila mmoja. Hatukumwuliza hata mmoja wao kama nafasi yake inatosha. Hatukuwapa risiti. Hatukuwaambia waseme nini wakiulizwa, maana hatukufikiri kwamba wataulizwa. Misala mitano ya msikiti ilikuwa ndani ya begi la mama yule, lile lake halisi, na kama afisa angelifungua nalo angelazimika kusema tena “yangu”. Kitu kuwa cha msikiti hakukifanyi kiwe nguo ya msafiri. Ipo njia ya kuingiza vitu vya taasisi ya dini, nayo ni kuviagiza kama mzigo kwa jina la taasisi, na kuomba msamaha pale sheria inapouruhusu.

Hoja ya mzee wetu

Katika kikao hicho alikuwapo mzee mmoja tunayemheshimu, ambaye amesoma kwa mashekhe wakubwa kabla sisi hatujazaliwa. Yeye alisema tunakuza jambo. Ushuru wa forodha, alisema, ni maks, ile tozo ya dhuluma iliyolaaniwa, na Imamu Dhahabi amemhesabu mtoza maks miongoni mwa watenda madhambi makubwa. Basi anayeficha mali yake mbele ya maks analinda haki yake, na mama yule hakusema uongo wa dhambi.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na wasafiri wengi wanaishikilia bila kujua ilikotoka. Chuoni tuliisoma. Ni kweli kwamba wanachuoni wameikemea maks, tozo inayochukuliwa kwa nguvu bila haki wala maslahi ya watu. Lakini neno letu la Kiswahili, ushuru, limetoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya fungu la kumi, na jambo lenyewe lilipangwa na Umar bin al-Khattab (r.a.) katika ukhalifa wake. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alimwandikia kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu wanapoingia nchi zisizo na mkataba hutozwa fungu la kumi. Umar akaamuru wanaokuja kutoka huko watozwe vivyo hivyo, raia wasio Waislamu nusu ya hiyo, na Waislamu robo yake, ambayo ni asilimia mbili na nusu. Akaweka na mpaka: mali isiyofikia dirhamu 200 isitozwe kitu. Tulimwambia mzee kwa adabu: mzee wangu, kumbe hata kiwango cha msamaha wa msafiri si kitu cha Wazungu.

Iko na habari aliyoipokea Kadhi Abu Yusuf katika kitabu chake cha Kharaj, ambayo tulimsomea mzee usiku ule. Mtu mmoja Mkristo wa kabila la Taghlib alipita na farasi kwa mtoza ushuru wa Umar, Ziyad bin Hudayr. Farasi akathaminiwa 20,000, na mtu yule akalipa 1,000. Mwaka huo huo akarudi kwa njia ile ile, naye Ziyad akataka tena 1,000. Yule mtu hakumpitisha farasi usiku, wala hakusema ni wa mwenziwe. Alifunga safari hadi Makka, akamkuta Umar, akamweleza. Umar akamjibu kwa neno fupi kwamba amekwisha kutoshelezwa. Yule Mkristo alirudi akiwa amekata tamaa, ameazimia kulipa mara ya pili, akakuta barua ya Umar imemtangulia: aliyekwisha kutozwa asitozwe tena hadi mwaka uishe.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba Umar wa leo hayupo. Ni kweli hayupo. Hata hivyo mlango wa kulalamika upo. Anayeona mzigo wake umekadiriwa kupita bei aonyeshe risiti za dukani, na kwa hiyo asizitupe Makka. Anayetakiwa kulipa adai namba ya kumbukumbu ya malipo, alipe benki au kwa simu, apewe stakabadhi, na anayeombwa fedha ya mkononi ajue kwamba hiyo si ushuru. Tunajua msafiri aliyechoka, ambaye basi la Iringa linamngoja, hupenda kumaliza mambo upesi. Lakini tofauti baina ya anayedai haki yake waziwazi na anayeificha nyuma ya kikongwe ni kubwa mno kuifunika kwa neno la fiqhi, na mzee mwenyewe, Mungu amzidishie umri, mwishoni alikiri kwamba hakuna mwanachuoni aliyeruhusu mtu kumtwisha mwenzie hatari asiyoijua. Aya ya kwanza ya Sura al-Maida inaamrisha waumini watimize ahadi zao. Viza ni ahadi, na pasi ya kusafiria ni ahadi.

Biashara yenyewe haikukatazwa hata katika Hija. Sura al-Baqara, aya ya 198, imeondoa lawama kwa anayetafuta fadhila za Mola wake katika msimu huo. Yule mwenye abaya angeweza kupita upande wa wenye vitu vya kutangaza, akalipa, akaja kuuza Mlandege kwa faida ya halali.

Begi usilolijua

Hayo yote yalikuwa ya abaya na simu. Tuliwaomba wasafiri wa msimu uliofuata wafikirie kama ndani ya begi mngelikuwa na kitu kingine. Hatukuwa tunatunga. Desemba 2018 mwanafunzi mmoja wa kike wa Nigeria alisafiri na mama yake na ndugu yake kwenda Umra kupitia uwanja wa ndege wa Kano. Akiwa Saudi Arabia alikamatwa, kwa kuwa begi lililobandikwa jina lake lilikutwa na vidonge vya tramadoli. Hakulipakia yeye, wala hakuwa amewahi kuliona. Uchunguzi nchini kwao ulibaini kwamba palikuwa na watu katika uwanja ule waliobandika majina ya abiria wasio na habari kwenye mabegi yao ya haramu. Serikali yake ikaingilia kati, na aliachiwa mwishoni mwa Aprili 2019, baada ya miezi kama minne. Katika nchi ambayo kusafirisha dawa za kulevya kunaweza kuhukumiwa kifo, miezi minne hiyo mama yake aliilala vipi?

Binti huyo hakupokea begi la mtu. Jina lake liliibwa. Mama yetu wa Mlandege jina lake alilitoa mwenyewe, kwa wema. Mbele ya afisa wa Jeddah au wa Dar es Salaam, kibandiko kilichofungwa mpinini ndicho kinachosema begi ni la nani. Kwa sababu hiyo sasa tunawafundisha wasafiri wetu, hasa wazee, wasiondoke kaunta ya kupimia mizigo kabla ya kuhesabu vibandiko walivyopewa: begi moja, kibandiko kimoja. Kikizidi, waulize palepale. Na tunawaambia akina mama wasibebe unga wa dawa ya miti shamba uliofungwa katika karatasi bila jina. Ni dawa ya tumbo, sawa, lakini afisa wa Jeddah hajui. Dawa za hospitali, za sukari na presha, ziende na cheti cha daktari na zikae katika pakiti zake.

Fedha nazo zina mtego ambao viongozi wa makundi wameingia bila kukusudia. Saudi Arabia humtaka msafiri atangaze fedha, dhahabu na vito vinavyozidi riali 60,000, ambazo ni sawa na dola 16,000. Kanuni za Tanzania zinataka tamko kwa zaidi ya dola 10,000, kuingia na kutoka. Sasa mchukulie kiongozi wa watu 20 ambaye kila mmoja amemkabidhi dola 600 amtunzie. Mkononi ana dola 12,000. Kwa Saudi Arabia hajafika mpaka, kwa Tanzania amekwisha kuuvuka, ingawa hata senti moja si yake. Amana ni jambo tukufu, lakini forodha inahesabu kilichomo mkobani. Ama atangaze, jambo ambalo halina malipo wala aibu, au kila mtu abebe zake.

Katika vitu vidogo, udi ndio uliotushangaza sisi wenyewe. Mti wa udi unalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973, kwa sababu umekatwa hadi kukaribia kwisha katika misitu ya Asia. Msafiri anaruhusiwa, bila kibali, kilo moja ya vipande vya udi, mililita 24 za mafuta yake, na tasbihi mbili za mti huo. Anayenunua tasbihi za zawadi kwa ajili ya mtaa mzima basi azinunue za plastiki au za mbao nyingine, na hapana atakayemlaumu. Mafuta ya kupaka mwili pia yana neno lake: sabuni na vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku kabisa na sheria ile ile ya Jumuiya, na baadhi ya krimu za kung'arisha uso zinazouzwa kwa bei rahisi huko nje ndizo hizo. Dada zetu wasome maandishi ya pakiti. Na mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo maduka ya Makka huigawa bure, nchini kwetu imekatazwa tangu Juni 1, 2019. Zawadi zihamishiwe kwenye mfuko wa kitambaa kabla ya kupanda ndege.

Kamati yetu imeamua mambo machache. Msikiti hautaagiza tena kitu kwa begi la hujaji. Misala tutainunua Dar es Salaam, ambako mwagizaji amekwisha kulipa ushuru wake. Wiki moja kabla ya safari kila msafiri atapakia begi lake mwenyewe mbele ya mtu wa nyumbani kwake, na ataandika vilivyomo katika karatasi ya daftari. Yule asiyejua kuandika ataandikiwa na mjukuu. Kifurushi kilichofungwa hakipokelewi, hata kikitoka kwa imamu. Na tumewaomba watu wa mtaa wasitume orodha. Hapo tulipata upinzani. Mke wa mmoja wetu alisimama upande wa akina mama akasema: “Mnatukataza sisi abaya, na nyinyi kanzu zenu za Madina mlizovaa hapo mliletewa na nani?” Hatukuwa na jibu. Mwenyekiti alicheka, akasema hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao, nasi tukaliandika.

Mama yule hakupoteza kila kitu. Begi lake halisi lilipita, na Zamzam yake ilipita. Viwanja vya Saudi Arabia humpa kila hujaji nafasi ya chupa moja ya lita tano, iliyofungwa kiwandani katika boksi lake, wala hairuhusiwi kufichwa ndani ya sanduku la nguo. Lita tano kwa mtaa kama wetu ni kitu gani? Tulidhani atampa bibi mgonjwa wa nyumba ya pili, abaki na kidogo chake, na wengine wasamehe.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alikuja na chupa ile barazani kwa msikiti, na mjukuu wake amebeba sinia la vikombe vya kahawa. Alikuwa amemwazima muuza kahawa. Kila kikombe kinachukua kama mililita hamsini, na mjukuu, ambaye yuko darasa la sita, alikwisha kumpigia hesabu: vikombe mia moja. Baridi ilikuwa kali na maji yenyewe yalikuwa baridi. Tulipanga mstari, wakubwa na watoto, na mzee wa hoja ya maks akiwa mbele yetu. Tulipofika kwa mama tulimwuliza kama yeye mwenyewe amekunywa. Akasema yake ni ile itakayobaki, kisha akamwambia mjukuu asijaze hadi ukingoni, watu bado ni wengi.